Mkaja wa Fitina

Kondo la nyuma lilipotoka, Bi Zuleica akatangaza kwamba kazi imekwisha.

"Mmoja. Dume," alisema, bila kuinuka kwenye kigoda chake. "Mpeni mzazi uji, mwacheni alale."

Alikuwa amekaa mbali kidogo na banda la kuku, fimbo mkononi, pindo la kapulana aliyojifunga kiunoni amelibana katikati ya magoti lisije likapeperuka likamgusa mbwa. Ndani ya banda, juu ya magunia, Fitina alikuwa akimlamba mwanawe kwa bidii ya mtu anayesugua sufuria. Kuku walikuwa wamehamishiwa jikoni kumpisha, na asubuhi nzima hawakuacha kulalamika.

Hafsa, mkwewe, alitoa kichwa bandani. Ndiye aliyetandika magunia na ndiye aliyekesha karibu na mbwa, kwa sababu Bi Zuleica hagusi mbwa, na mwanawe Abdulcarimo, mwenye mbwa, alikuwa shambani.

"Mmoja tu, mama? Tumbo lote lile?"

"Tumbo ni maji. Nimezalisha wanawake wenye matumbo kama magunia ya mkaa, wakatoa kitoto cha kulala kiganjani."

"Lakini huyu ni mbwa."

"Kondo limetoka, halijatoka?"

"Limetoka."

"Basi. Kondo ndiye wa mwisho kutoka, naye keshatoka na mlango kaufunga. Unamngoja nani tena?"

Hafsa alirudisha kichwa bandani. Katika mtaa ule wa Palma hakuna aliyebishana na Bi Zuleica juu ya mambo ya uzazi. Nusu ya vijana waliopita kichochoroni na pikipiki zao walidondokea mikononi mwake, na akitokea mmoja kumpigia honi kwa kiburi, Bi Zuleica alimweleza kwa sauti, mbele ya abiria wake, ni kiungo gani alichotanguliza siku ya kuzaliwa.

Kwenye mkeka, chini ya ukingo wa paa, jirani yao Mariamo alikuwa akipukuchua kunde. Kila asubuhi alivuka na ungo wake kuja kukaa hapo, na siku hizi alikuwa na sababu zaidi: binti yake Zainabo alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wake ulishaingia, na Mariamo hakutaka kupoteza hata siku moja bila kumkumbusha mkunga.

"Na mkaja je, Bi Zuleica?" Mariamo aliuliza huku akicheka. "Mzazi atalala bila kufungwa tumbo? Atabaki na kitambi!"

Yeye alitania. Bi Zuleica hakutania. Alimtazama Fitina, akaona mgongo uliokonda na tumbo lililoning'inia, akafikiri juu ya shamba.

Tangu watu warudi Palma kutoka ukimbizini na kuyakuta mashamba yao yamekuwa pori, nguruwe mwitu walikuwa hawajakubali kwamba wenyewe wamerudi. Fitina ndiye aliyewafahamisha. Tangu aletwe nyumbani kungojea kuzaa, Abdulcarimo alikuwa akikesha shambani peke yake akipiga debe, na nguruwe walishaizoea ile ngoma yake, wanachimba mhogo kama walioalikwa. Mhogo ule ndio chakula cha nyumba hii mpaka mvua nyingine. Mbwa huyu ilibidi asimame upesi, na mzazi husimamishwa na mkaja. Bi Zuleica hakujua njia nyingine.

"Hafsa, chana kile kipande cha kapulana kilichotoboka. Mfunge."

"Nimfunge mbwa?"

"Tumbo ni tumbo. Anzia chini, upandishe. Kaza."

Hafsa akafunga. Fitina alinguruma mara moja, akaonyesha jino, kisha akamtazama Hafsa kwa macho ya mtu asiye na pa kushtaki, akakubali. Maua mekundu ya kapulana yakamzunguka kiunoni. Mariamo alicheka mpaka kunde zikamwagika mkekani.

"Fitina kawa mungwana! Bado kumchora hina."

* * *

Uji aliuacha. Hilo ndilo jambo la kwanza Hafsa aliloliona. Fitina, ambaye alizoea kulamba bakuli mpaka linatembea uwanjani, alinusa uji wa mhogo akageuza kichwa. Halafu na mtoto naye akamwacha. Kitoto kililia, kikajikokota kipofu juu ya magunia kutafuta ziwa, na mama yake akawa anatazama ukuta, ulimi nje, mbavu zikienda mbio. Kila mara mgongo wake ulijikunja, miguu ya nyuma ikakakamaa, mkia ukanyanyuka. Akatulia. Kisha tena.

"Anasukuma, mama."

"Chango hilo. Tumbo linajisafisha. Hata wewe lilikusumbua ulipojifungua, umesahau?"

Hafsa hakuwa amesahau. Chango lilimuuma, ndiyo, lakini lilimuuma huku amemkumbatia mwanawe, na kila alipomnyonyesha ndipo lilipobana. Huyu hakutaka hata kumtazama wake. Lakini angemwambia nani? Alichemsha maji kama alivyoagizwa, akarudi, akakuta Fitina bado anajikunja.

Jua lilikuwa limeshapanda Abdulcarimo alipoingia na baiskeli, macho mekundu kwa kukesha. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga mihogo michache, mingine imetafunwa nusu.

"Wameingia mpaka mstari wa kisimani," alisema. "Nimepiga debe, nimepiga kelele, nimerusha mawe. Kuna mmoja dume alinitazama hivi, akaendelea kula. Fitina vipi?"

"Kazaa," mama yake alijibu. "Mmoja. Muda si mrefu utamchukua."

Abdulcarimo alichungulia bandani. Akautazama mkaja.

"Mbona hanyanyui kichwa? Mimi nikija hata akiwa na homa mkia unapiga."

"Kachoka. Wewe ungezaa ungekuwa umenyanyua kichwa?"

Mariamo akacheka, na Abdulcarimo akacheka kidogo, kwa adabu. Hafsa alimfuata mpaka kwenye pipa la maji alikokwenda kujiandaa kwa sala ya Ijumaa.

"Abdulcarimo, yule mbwa hajamaliza."

"Mama kasema kamaliza."

"Mimi ndiye ninayemtazama tangu asubuhi. Sema na mama."

"Nimwambie nini? Kwamba hajui kuzalisha?" Alijimwagia maji usoni. "Yeye ndiye mkunga, Hafsa. Mimi mpiga debe."

Akavaa kanzu, akaondoka. Hafsa alibaki na kopo mkononi. Akarudi bandani, akainama, na kwa vidole ambavyo vilikuwa vimeshika mbwa tangu asubuhi na havikuwa na cha kupoteza tena, akaufungua mkaja.

"Nani kakuambia ufungue?" Bi Zuleica aliuliza. Hakupandisha sauti, hakuwahi kuhitaji.

"Nimeshika tumbo, mama. Kuna kitu kinapiga."

"Utumbo."

"Utumbo haupigi teke."

Mikono ya Mariamo ikasimama juu ya ungo. Kuku mmoja alitoka jikoni, akaangalia hali ilivyo, akarudi.

"Umezaa mara moja," Bi Zuleica alisema polepole, "na mara hiyo moja, nilikuzalisha mimi."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nakuomba uje ushike."

Bi Zuleica aliirudisha mikono mapajani. Alikuwa ameshatia udhu. Alitazama upande wa msikiti, kana kwamba kutoka huko ingetoka ruhusa au katazo, na kilichotoka ni sauti ya kipaza sauti kikijaribiwa.

Hafsa hakungoja zaidi. Kwenye kadi ya chanjo ya Fitina kulikuwa na namba ya Isabel, fundi wa mifugo wa wilaya, msichana wa kutoka bara, ambaye kila mwaka alipita mitaani kudunga mbwa sindano za kuzuia kichaa. Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Mana Isabel, dada yangu, ni Hafsa, mke wa Abdulcarimo, mwenye yule mbwa mwekundu aliyekurarulia begi."

"Ah! Fitina. Kauma mtu?"

"Anazaa. Katoka mmoja asubuhi, sasa anasukuma, anasukuma, hakitoki kitu. Uko wapi?"

"Niko Pundanhar na mbuzi za watu. Leo sifiki hapo." Upande wa pili mbuzi walithibitisha. "Nisikilize. Anasukuma kwa nguvu, au anatetemeka tu?"

"Kwa nguvu. Tangu chai ya asubuhi."

"Tangu chai! Mana, mbwa akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, tayari ni taabu. Mbona hamkupiga?"

Hafsa alimtazama mama mkwe wake, akachagua maneno. "Tulidhani kamaliza. Kondo lilitoka."

"La nani?"

"La... la mtoto."

"Lilikuwa la huyo mmoja. Mbwa kila mtoto anakuja na kondo lake. Hapo nyumbani kuna mtu mwenye mkono wa kazi?"

"Mama mkwe wangu ni mkunga."

"Mkunga wa watu?"

"Wa watu," Hafsa alisema.

"Mpe simu."

Bi Zuleica hakuipokea simu. Alikuwa ameyasikia yote kutoka kwenye kigoda. *Kila mtoto na kondo lake.* Alikuwa amesema mmoja, mbele ya Mariamo, kwa sauti ya kutangaza. Kisha akawafunga wengine ndani kwa kitambaa, akaagiza kikazwe. Kwa muda hakuona chochote uwanjani, ila lile tumbo lenye maua mekundu.

Akainuka. Fimbo ikaanguka, hakuiokota.

"Hafsa, sabuni. Mafuta ya kupikia, yale ambayo hayajaguswa na samaki. Na maji ya moto uliyochemsha."

"Bi Zuleica," Mariamo alisema. Hakuwa akicheka tena. "Mikono hiyo?"

"Nina mingine?"

"Mikono hiyo hiyo ndiyo itakayompokea mjukuu wangu? Mwezi huu huu? Watu watasema nini, dada yangu? Mwache mkweo afanye."

"Mkwe wangu hajui kufanya."

"Ni mbwa!"

Hafsa alichomoa mfuko wa plastiki kwenye ukuta wa makuti, akauleta. Bi Zuleica akauvaa mkononi kama glovu, akapiga magoti kwa mara ya kwanza katika banda lake mwenyewe, akapeleka vidole pale. Fitina alilia kidogo. Bi Zuleica alipapasa, akasita, akapapasa tena. Hakuona kitu. Mkono wake ulikuwa umezoea kuona, na sasa ulikuwa umefunikwa kitambaa cha macho. Akauvua mfuko, akautupa nje.

"Sema, binti," aliiambia simu. "Kuna mkia."

"Mkia na miguu, au mkia peke yake?"

"Mkia peke yake. Katanguliza matako. Miguu kaikunja mbele."

"Hapo ndipo pabaya, mama. Akija na miguu, sawa, anapita. Bila miguu anaziba njia. Itabidi—"

"Nimtafutie miguu. Nakujua unakokwenda. Matako nayajua."

Isabel akacheka kwa mshangao. "Basi polepole, kwa mafuta mengi. Ukishika miguu usivute kama kamba. Akisukuma, vuta naye, akipumzika, pumzika. Na usivute moja kwa moja kwako, elekeza chini, upande wa miguu yake yeye."

"Hata sisi ndivyo," Bi Zuleica alisema, akiwa amefumba macho.

Msikitini hotuba ilikuwa imeanza, ikija juu ya mapaa kwa sauti tulivu. Hafsa alikuwa amekikumbatia kichwa cha Fitina. Kidole kimoja cha Bi Zuleica, chenye kucha iliyokatwa mpaka kwenye nyama, kilipita pembeni, kikakuta goti dogo kama punje ya korosho, kikalizunguka, kikaliteremsha. Mguu mmoja. Halafu wa pili. Fitina akasukuma, na mkunga akavuta naye.

Alitoka amekufa. Alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye ngozi inayong'aa, amekamilika kila kitu. Bi Zuleica alimtazama muda mfupi kuliko alivyotaka, akamfunika na ule mkaja.

"Mwingine yuko nyuma yake," alisema. "Huyu ndiye aliyekuwa amemzibia."

Aliyefuata alikuja upesi, kichwa mbele, ndani ya mfuko wake kama embe katika karatasi. Bi Zuleica akaupasua. Kitoto kilikuwa cha moto lakini kimelegea, pua imejaa ute, mdomo wazi, hakivuti pumzi.

Watoto wa watu waliomtokea hivyo, Bi Zuleica aliwanyonya pua kwa mdomo wake mwenyewe, akatema, akanyonya tena, mpaka wakalia. Mtaa mzima ulilijua hilo, na wengine walikuwa wamesimama kwa miguu yao leo kwa sababu hiyo. Hafsa akamtazama mdomo. Mariamo, ambaye alikuwa amesogea mpaka mlangoni mwa banda, akamtazama palepale.

Bi Zuleica akainama juu ya kitoto.

"Kapumua?" simu iliuliza. "Kama hajapumua, mfute pua kwa kitambaa. Kichwa chini. Halafu msugue mgongo, kwa nguvu, kama unafua!"

Bi Zuleica akakomea pale alipokuwa amefika, mdomo wake shubiri moja tu kutoka kwenye pua ya kitoto. Akanyanyua kichwa, akavua mtandio, akafuta, akageuza, akasugua. Alisugua kama mtu anayefua shuka lenye doa la damu. Hotuba ikaendelea. Kitoto kikapiga chafya, kikafungua mdomo wa rangi ya waridi, kikatoa sauti nyembamba kama bawaba isiyo na mafuta.

"Huyo," Hafsa alisema, machozi yakimtoka. "Huyo, mama."

"Namsikia," Isabel alisema kutoka Pundanhar. "Ungoje. Wanaweza kuwa zaidi. Safari hii ushike tumbo, mama, usihesabu makondo."

"Nimeelewa, mwanangu," Bi Zuleica alisema. "Nimeelewa."

Alipogeuka, Mariamo alikuwa ameshachukua ungo wake. Alikuwa ameona ile shubiri moja. Alivuka uwanja bila kuaga, na mlango wa wigo ukajifunga nyuma yake.

* * *

Wa nne alizaliwa watu wakitoka msikitini, jike, bila msaada wa mtu. Bi Zuleica alilishika tumbo mara mbili, mara ya pili muda mrefu, ndipo akakubali kwamba sasa ni tupu. Fitina alikunywa maji bakuli zima. Halafu akavikusanya vitoto vyake vitatu kwa pua, akajilaza, na Abdulcarimo alipochungulia, mkia ukapiga gunia mara moja.

"Wewe," Abdulcarimo alimwambia mbwa, akakaa chini na kanzu yake safi, kwenye vumbi. Hakumuuliza mama yake swali lolote. Baadaye akaenda nyuma ya nyumba kumzika yule mweusi.

"Leo usikeshe peke yako shambani," mama yake alimwambia alipopita na jembe. "Mwombe mwenzako Rafique mpokezane. Fitina hatatoka hapa mpaka mimi niseme." Akasita. "Mpaka Isabel aje aseme."

Kisha alichota udongo safi, akaenda kwenye pipa. Aliosha mikono mara saba mpaka kwenye viwiko, mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa chuoni akiwa mtoto. Akaoga, akabadili nguo, akasali adhuhuri yake iliyochelewa. Alipotoa salamu alibaki amekaa juu ya msala, akiitazama ile mikono. Haikuwa imebadilika. Lakini ng'ambo ya wigo alisikia Mariamo akiongea na wanawake kisimani, na kila sauti ilipoteremka alijua limefika jina lake.

Alikuwa ameweka kigoda pale pale penye kivuli, jua limeshalegea, Zainabo alipoingia. Alitembea ameshika kiuno, kanyanyua tumbo mbele yake kama mtu aliyebeba ndoo. Nyuma yake, nje ya wigo, mama yake alisimama, mkono juu ya nguzo. Hakuingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, usisimame."

Zainabo akakaa mkekani. Alitazama bandani, akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia.

"Mama anasema nikazalie hospitali."

"Mama yako hajakosea."

"Anasema ni kwa sababu ya..." Akaitazama mikono ya Bi Zuleica. "Mimi sijali hilo, bibi. Mimi nataka unishike. Wiki jana ulinishika ukasema mmoja. Leo nimesikia habari ya Fitina, nimeshindwa kula."

Bi Zuleica alitazama wigoni. Mariamo hakuondoa mkono kwenye nguzo. Basi Bi Zuleica akasogea, akalifunua lile tumbo, akaweka viganja.

Siku zote kazi hii aliimaliza upesi: hapa kichwa, hapa mgongo, mmoja, funika, nenda kapike. Leo viganja vilitembea, vikarudi, vikangoja. Chini ya mbavu kulikuwa na kitu kigumu. Chini kabisa, kingine. Kimoja wapo kilikuwa kichwa. Hicho kingine huenda ni matako ya huyo huyo, na huenda sivyo. Mtoto akageuka ndani, akamsukuma kiganja, na Zainabo akashtuka.

"Ni mmoja, bibi?"

Wakubwa na wadogo walikuwa wamekaa mbele yake namna hii, na kila mmoja aliondoka na jibu.

"Sijui," Bi Zuleica alisema.

"Umesema nini?" Mariamo aliuliza kutoka wigoni.

"Nimesema sijui, Mariamo. Mkono unaniambia mmoja, na asubuhi macho nayo yaliniambia mmoja. Mpeleke hospitali wamtazame kwa ile mashine yao. Usingoje uchungu uanze."

Zainabo alijifunika tumbo taratibu, akiwa hajui kama aogope zaidi au kidogo.

"Na wewe?" Mariamo aliuliza hatimaye. "Ukimwacha mikononi mwao, wewe utakuwa wapi?"

"Watanikalisha nje. Kule wakunga wa mtaani hawaingizwi ndani. Kuna benchi."

"Utakaa benchi? Wewe?"

"Nitakaa."

Mariamo aliutazama uso wa jirani yake kama mtu anayejaribu kuusoma kwa mbali. Kisha akafungua mlango wa wigo, akaingia.

"Sogea," alimwambia binti yake, akakaa mkekani kati yao. "Tutakaa wote."